Mama Alivyoomba Tegu Awe wa Ng'ombe

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, Mama alikaa kwenye benchi la hospitali hapa Mbeya akimwomba Mungu kwamba mnyoo tegu aliyekuwa tumboni mwake awe wa ng'ombe.

Usicheke. Sisi wa Iyunga tulifuga nguruwe, na mnunuzi alikuwa akimvuta nguruwe ulimi kwanza. Akikuta punje nyeupe, yaani mabuu ya tegu, anaondoka. Nguruwe huyo tulimla wenyewe. Mama alikuwa akiona vipande vyeupe vya mnyoo chooni, akanyamaza kwa aibu. Mficha maradhi, kifo humuumbua, ila kifo hicho hakikumchagua yeye.

Kilimchukua mdogo wangu, Tumpe. Alianza kuanguka kifafa, tukasema karogwa, mpaka siku alipoangukia motoni jikoni. Baada ya mazishi ndipo daktari akataka familia nzima tupimwe. Kwa Mama wakakuta mayai ya tegu. Mtaalamu wa maabara akatueleza kwamba kwenye darubini mayai ya tegu wa ng'ombe na ya wa nguruwe hayatofautiani. Ila walikuwa na kipimo, kipande cha DNA kinachoshikamana na DNA ya tegu wa aina moja tu, ya mwingine hakigusi. Wa ng'ombe hampi mtu kifafa. Wa nguruwe, mayai yake yakibaki mikononi mwa mpishi, huingia kwenye chakula, na mabuu yanayoanguliwa hufika hadi kwenye ubongo na kuleta kifafa.

Majibu yakaja. "Ni wa nguruwe, mama," alisema yule mtaalamu, akitazama chini.

"Kwa hiyo ni hii mikono yangu?"



Njiani kurudi nyumbani nikamwambia Bibi, aliyekuja kupimwa nasi, afadhali tusingepima. Akanikemea: "Nyamaza! Kutojua ndiko kulikomzika mdogo wako. Na wewe bado unakutaka?"

Mama alipewa dawa, tegu akatoka. Lakini hakupika tena mpaka anakufa. Nilipojifungua, alimtazama mjukuu wake kutoka mlangoni, mikono kaificha ndani ya kitenge. Nimezeeka, na bado sijapata neno ambalo lingemfariji.

Basi mwanangu, ukiona kitu chooni, sema. Aibu haijamponya mtu. Nyama yenye punje ifukie, hata kama watoto wana hamu nayo. Nawa mikono. Anayeanguka mpeleke hospitali, usimtafutie mchawi. Kipimo kile kilisema kweli, ila kilikuja nyuma ya jeneza.

Mungu akujalie uwalishe wanao kwa mikono yako mwenyewe, bila hofu, hadi uzee wako.