Miraa Niliyompa Shemeji Mlimani

Mwanangu, asubuhi Kirimaara ukiwa wazi, mimi husimama mlangoni hapa Laare nikiuangalia, na moyo hunidunda. Kirimaara ndilo jina letu Wameru la Mlima Kenya. Nyinyi siku hizi mnaupanda Jumamosi, na Jumapili mko nyumbani na picha za maziwa ya huko juu kwenye simu. Vizuri. Lakini kaa kidogo nikuambie, na uache kuangalia saa, sitakuchelewesha.

Nilikuwa nimeoa juzi tu, msichana wa Ishiara. Unajua joto la Ishiara, huko chini tambarare. Ndugu yake, Nyaga, hakuwa amewahi kupanda hata hivi vilima vyetu vya Nyambene. Mimi kwa kujigamba nikasema nitampeleka azunguke njia ya maziwa, ile unayoanzia upande wa Chogoria na kurudi pale pale. Hakuna kufika kileleni, ni matembezi tu. Mke wangu akaniambia, "Ndugu ni huyo mmoja tu niko naye." Nikacheka. Nilikuwa mjinga mwenye miguu mizuri.

Aliyetuongoza, Mzee Kaimenyi, alitembea polepole mpaka nikakasirika. Tukapita ziwa la kwanza asubuhi na mapema, na sikuligeukia hata mara moja. Nikamvuta Nyaga mkono, tukamwacha mzee nyuma. Mbele kidogo Nyaga akaketi kwenye jiwe. "Shemeji, kichwa kinanigonga vibaya." Akatapika chai yote.

Sasa, sisi watu wa miraa tuna dawa moja ya kila kitu. Ukichoka, tafuna. Ukisinzia, tafuna. Nikamtolea miraa yangu nzuri na bigijii, ile chingamu, ya kulainisha uchungu, nikamwambia atafune twende. Na kweli, baada ya muda akachangamka, akaanza kutembea na kupiga domo. Nikajiona daktari!

Tukafika ukingoni, na hapo, mwanangu, miguu yangu ilikataa. Ee Mungu wangu! Chini kabisa bondeni kulikuwa na ziwa jeusi, limezungukwa na kuta za mawe zinazopanda mpaka kwenye mawingu. Maji yalikuwa yanaanguka kutoka juu, lakini kwa umbali ule hatukuyasikia. Mawingu yakafunguka, vilele vikatokea na theluji yake. Nilivua kofia bila kujua naivulia nani. Niliona kama aliyeviumba yuko pale pale karibu nami, na mimi sijaoga.

Nyaga bado alikuwa anaongea. Akasema anashuka kuwanywesha mbuzi. Nikacheka, nikidhani ni stimu tu, miraa imempanda kichwani. Akapiga hatua ya kwanza, akayumba, ya pili akaelekea kwenye ule ukingo. Mkono ukatokea nyuma yangu ukamshika koti. Alikuwa Mzee Kaimenyi, anahema.

Mzee akamtazama macho, akamwambia atembee hatua tano kando ya njia. Hakuweza. Akanigeukia. "Nani amempa miraa?"

Nikaficha mfuko wa miraa nyuma ya mgongo.

"Kichwa kilikuwa kinamwambia arudi. Wewe ukakinyamazisha. Watu wa huko chini wakikimbizwa juu huku, ambako hewa ni nyepesi, hufa hivi, wakiongea na kucheka."

"Lakini mzee, tumebakisha kidogo tu tufike ziwani..." Hebu fikiria! Bado nilikuwa nataka kumaliza mzunguko.

"Hilo ziwa halina haraka na wewe. Mbebe."

Nikambeba shemeji yangu mgongoni, nikashuka nikilia kama mtoto, nikijiuliza nitamwambia nini mke wangu. Kila mara nilimwita jina, naye akanijibu mambo ya mbuzi. Tukashuka, tukashuka, mpaka karibu na ziwa la kwanza Nyaga akanigonga bega. "Shemeji, niweke chini. Kwani tuko wapi? Nina njaa."

Nikamweka chini, nikaketi kwenye nyasi. Ndipo nikaliona lile ziwa nililokuwa nimelipita asubuhi kama duka lililofungwa. Mlima wote ulikuwa ndani ya maji, umetulia, na mawingu yanapita juu yake. Nyaga alikuwa anakula mkate kando yangu, makombo yanamwangukia kifuani. Sijui ni kipi kilinishangaza zaidi, mlima ule au yule mtu anayetafuna.

Basi sikiliza. Mwili ukikulilia, usiuzibe mdomo, si kwa miraa, si kwa vidonge, si kwa aibu ya kuonekana dhaifu. Mwenzako akisema kichwa kinauma, hapo safari imeisha. Wala usione haya kurudi bila picha. Mimi ule mzunguko sijaumaliza mpaka leo, na nyumbani kwangu hakuna aliyewahi kuvaa nguo za matanga kwa ajili ya ujinga wangu.

Nenda mwanangu, upande. Mungu akuonyeshe maziwa yake yote, akupe miguu ya kukufikisha, na siku ukiambiwa shuka, akupe moyo wa kushuka.