Sare ya Zaituni na Bwana wa Kodi

Mnicheke tu, nimeshazoea, maana hata leo nikipita mtaani kwetu Gongoni kuna watu wananiuliza niko kidato cha ngapi. Nawasimulia mwenyewe kabla hamjaisikia kwa Bi Tausi, jirani yetu, ambaye kila akiisimulia huongeza jambo (juzi nimesikia eti nilibeba na mkoba wa madaftari, sikubeba mkoba).

Mzizi wa yote ni wivu. Mdogo wangu Zaituni alifaulu kwenda sekondari ya bweni, mimi sikufaulu, nikabaki nyumbani nikachora herufi za taipureta kwenye kipande cha boksi na kujifundisha kupiga chapa kwa kugonga boksi hilo mpaka vidole vikajua njia vyenyewe, na ndivyo nilivyopata kazi katika ofisi ya ushirika iliyopokea tumbaku ya Usoke. Nikikosea herufi moja naichana karatasi nzima na kuanza upya. Lakini nyumbani nani alijali? Zaituni akija likizo anachinjiwa kuku. Mimi nipo mwaka mzima, na mtu unayemwona kila siku humchinjii kuku.

Basi wiki ile bwana wa kodi akaja ofisini kwetu na tangazo lake, kwa kuwa mashine yao ilikuwa mbovu, nikaambiwa nimpigie chapa. Lilisema hivi: mzazi anayekatwa kodi ya mapato atapunguziwa kidogo kwa kila mtoto anayemlea, mtoto akishapita miaka kumi na minane hahesabiwi, isipokuwa bado yuko shuleni, na mwenye mshahara wake hahesabiwi kabisa, hata kama analala kwa baba yake. Wanafunzi waliopita umri huo waje na wazazi wao Jumamosi kwa balozi wa nyumba kumi, awathibitishe. Nililipiga bila doa. Bwana wa kodi akalisoma, akasema, "Ndugu, hii ni kazi safi." Kwa hiyo msije mkasema sikuijua sheria. Katika Gongoni nzima hakuna aliyeijua kunishinda.

Ijumaa jioni baba, ambaye ni fundi wa reli na si mtu wa maneno mengi, akamwambia Zaituni, "Kesho twende kwa balozi, wakuone kuwa wewe ni mwanangu." Zaituni ana miaka kumi na tisa. Mimi ishirini na moja, nimekaa palepale nachambua mchele.

"Na mimi?" nikauliza.

"Wewe una kazi," akasema baba, akaenda kuoga.

Mchele ule niliuchambua ukaisha chuya zote, nikarudia tena.

Jumamosi nilirudi kutoka kazini mchana, nikakuta wameshaondoka, na sare ya pili ya Zaituni imeanikwa kwenye kamba. Hapo ndipo nilipopotea. Sikuitaka ile nafuu ya kodi, jamani, ile ni ya baba. Nilitaka asimame mbele ya watu aseme huyu ni wangu. Nikaivaa. Zaituni ni mwembamba, kwa hiyo zipu iligoma katikati ya mgongo, nikaunga kwa pini zote za mama, nikajitanda khanga juu yake (na soksi nikahakikisha zinalingana urefu, maana mimi hata upumbavu naufanya kwa unadhifu). Njiani mwenye duka akaniita, "Hongera binti, umefaulu lini?" Nikajibu, "Mwaka huu," nikaongeza mwendo.

Uani kwa balozi, Mzee Sudi, watu walikuwa wamejaa kwenye mikeka na mabenchi. Kila baba alimshika mwanawe begani akasema, "Huyu wangu," na Mzee Sudi akaitikia, "Ni kweli, namjua," ndipo bwana wa kodi anaandika. Baba alikuwa ameshafika mezani na Zaituni. Nikapenya, nikasimama upande wake wa pili.

"Shikamoo," nikamwambia bwana wa kodi.

"Marahaba. Na huyu je?"

Baba alinitazama kama anayeona treni imesimama pasipo stesheni. Nikajibu mwenyewe, "Na mimi ni mtoto wake, nasoma."

"Kidato gani?"

"Cha tatu."

"Cha tatu ni mimi, dada," Zaituni akaninong'oneza, kwa sauti ambayo hata waliokuwa kwenye mikeka ya nyuma waliisikia.

"Basi cha nne," nikasema.

Mzee Sudi ni mtu wa utaratibu. "Wenzako wametoa khanga ili sare ionekane," akasema. "Toa na wewe, mwanangu." Ningekataaje? Nikatoa, na zipu nayo, iliyokuwa inasubiri sababu, ikaachia hadi kiunoni, nikabaki nimeshikiliwa na pini. Nyuma yangu nikamsikia Bi Tausi. "Mwanafunzi wenu huyu," alisema, "mgongo umeshahitimu." Uani mzima ukacheka. Nikakimbilia kuirudisha khanga, na bwana wa kodi akaviona vidole vyangu, vyeusi kwa karatasi za kaboni.

"Ndugu, si wewe uliyenipigia tangazo?"

"Ni mimi."

"Hukulisoma?"

"Nililisoma."

Kicheko kikafa, kwa sababu sasa alikuwa hanitazami mimi. Alimgeukia baba. "Mzee, mwenye mshahara unamvalisha sare umlete hapa? Huu ni udanganyifu. Na huyu mwingine nitamwaminije?" Kalamu yake ilikuwa juu ya jina la Zaituni, tayari kulikata. Miaka yote baba aliyofanya kazi relini, tangu tulipokuwa tunakaa stesheni ya Tura, sikuwahi kusikia mtu akimwita mwongo, na leo anaitwa hivyo mbele ya majirani zake kwa ajili yangu.

"Hakujua," nikasema. "Nimekuja mwenyewe."

"Kutafuta nini?"

"Nilitaka anitaje."

"Nchi nzima inaambiwa ijitegemee," Bi Tausi akawaeleza wenzake, "huyu amekuja kuomba kutegemea."

Baba akavua kofia. "Ndugu," akasema taratibu, "huyu ni wangu, ndiye mkubwa. Lakini nisingeweza kumwandikisha, maana ningesema uongo. Simlishi. Unga wa nyumbani ananunua yeye, na viatu hivi alivyovaa mdogo wake amenunua yeye."

"Ni kweli," akasema Mzee Sudi. "Namjua."

Bwana wa kodi akaishusha kalamu bila kukata kitu. "Basi mzee, labda wewe ndiye tukuandike kwake," akasema, na watu wakacheka tena, safari hii na baba akiwemo. Baba akaninyooshea mkono mgongoni, pini ikamchoma kidole, akaurudisha.

Tulirudi nyumbani baba akiwa mbele. Nilidhani Zaituni ataniambia neno la kunifariji. Aliniambia, "Hiyo zipu utaishona wewe."

Niliishona kesho yake, nikafumua na kushona mpaka mshono ukanyooka kuliko ulivyotoka kwa fundi. Wivu haujaisha, siwadanganyi. Mwaka uliofuata baba alipomchukua tena Zaituni kwenda kwa balozi, nilibaki ofisini baada ya kazi nikipiga chapa barua ambazo hakuna aliyeziagiza. Lakini sikutoka. Nimeapa kwamba siku nikitaka kusikia mimi ni wa nani, nitamfuata baba nimuulize uso kwa uso, nikiwa nimevaa nguo zangu mwenyewe.