Sarafu Isiyo na Mikono ya Msalaba

Duka la sarafu za kale la Bi Salma, pale mtaa wa Deira, Uarabuni, lilinukia ndimu na shaba mbichi. Mama yangu, mwenyeji wa Moshi, alifanya usafi humo, na likizo ile ya joto, nikiwa na miaka kumi na moja, alikwenda nami kila asubuhi kutoka chumba chetu cha Al Qusais kwa kuwa hapakuwa na wa kuniangalia. Bi Salma, mzaliwa wa Unguja, aliniachia lenzi yake. Ndipo nilipoiona misalaba: sarafu za Warumi wa Konstantinopoli, msalaba umesimamishwa juu ya ngazi, na za Aksum, ufalme wa kale wa Kiafrika ambao wafalme wake walikuwa miongoni mwa wa kwanza duniani kutia msalaba kwenye sarafu. Nilijivuna kana kwamba nimezichonga mimi.

Siku moja Nassor, mtoto wa kaka yake Bi Salma, aliinua sarafu ya shaba kutoka Sham. Ngazi zilikuwepo na nguzo ilikuwepo, ila mikono ya msalaba haikuwepo.

"Shangazi, huyu kausugua msalaba mpaka umefutika," alisema akimtazama mama. "Na mteja anakuja kesho."

"Madam, sarafu sizigusi," mama alijibu. "Nafuta makabati tu."

Bi Salma alikaa kimya, na kimya kile kikanitisha. Viza yetu ilitegemea kazi ile. Nikaiomba sarafu. Mama alinikata jicho ninyamaze; sikunyamaza. Chini ya lenzi, juu ya nguzo, niliona duara dogo lililoinuka sawasawa na herufi zilizolizunguka.

"Bibi, kilichosuguliwa hubaki bapa. Hapa pana duara."

Bi Salma akavaa miwani, akazisoma herufi taratibu. Ilikuwa shahada, tamko la imani ya Kiislamu.

"Nassor, nani angeandika shahada kuuzunguka msalaba? Waislamu walipoitwaa Sham walikuta watu wamezoea sarafu za Kirumi. Wakaziacha ngazi, msalaba wakaugeuza kuwa nguzo yenye duara. Yalifanyika zamani hayo, hayamhusu mama huyu." Kisha akamgeukia mama. "Niwie radhi. Nilinyamaza ilhali nakujua."

Nassor naye aliomba radhi, kwa sauti ya chini.

Leo nakagua sarafu za kale katika ofisi moja ya Jumeirah Lake Towers. Wenzangu huniletea zile ngumu wakijua sibahatishi, na kweli sibahatishi. Lakini uhakika wangu wa sasa una vitabu na mashine nyuma yake. Wa siku ile ulikuwa na macho yangu tu, na mama aliyesimama kando akingoja nimalize kusema.