Meno ya Watasema

Hadi leo, nikisikia harufu ya togwa ya ulezi inayoanza kuchacha, kidole gumba changu cha kulia huniwasha, nami hushindwa kutulia kitini. Chuo kikuu wenzangu walidhani nina mawazo mazito. Niliwaacha wadhani hivyo.

Nilikuwa na miaka minane, enzi za Mwingereza, kwetu Mbozi, miche ya kwanza ya kahawa ya baba ikiwa bado inanifika magotini. Kazi yangu ilikuwa kumlisha Watasema, mbwa aliyelinda mahindi yetu dhidi ya nguruwe pori. Mama aliagiza apewe mifupa yote. Mimi nilipenda uboho kuliko nilivyompenda Watasema, basi nilijificha nyuma ya jiko, nikaitafuna mifupa yake na kuifyonza, kisha nikamkorogea yeye ugali katika togwa tamu. Alilamba, akatikisa mkia. Nikajiona mtu mwema.

Misimu miwili baadaye alikuwa ananuka mdomo. Ndipo alfajiri moja nguruwe wakaingia shambani. Baba mdogo alishuhudia: Watasema alimkamata mmoja paja, akalia yeye mwenyewe, akaachia.

Baba akampanua kinywa. Fizi zilikuwa zimevimba na zinavuja damu. Magego yalikuwa na utando wa kahawia, moja likiwa na shimo.

"Kaka, huyo sasa ni mlaji tu," alisema baba mdogo. "Mpeleke bondeni na shoka. Au umtafutie mke wa kumtafunia?"

"Kesho," baba akajibu.

Siku ile sikutulia. Nilikwenda mtoni bila ndoo, nikarudi, nikafagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Kwetu kila mtoto alisugua meno kwa kijiti na mkaa, mama akayakagua kabla ya ibada. Nikawaza kwamba dawa inayotakasa meno kwa ajili ya Mungu haiwezi kushindwa kumridhisha baba. Nikambana Watasema kati ya magoti, nikaanza kumsugua. Mara ya tatu akaniuma kidole gumba.

Yowe langu lilimleta baba mbio. Akaona damu, mkaa, kijiti. Nikakiri yote.

"Mifupa ulikula wewe?"

"Ndiyo, baba."

Akaniosha kidole, akakigeuzageuza juani. Halafu akapaza sauti: "Mdogo wangu, njoo uone! Mbwa huyu bado anauma! Shoka lirudi kwenye kuni."

Tangu hapo mama alimpa mifupa kwa mkono wake mwenyewe, nami nikabaki na mchuzi na aibu.

Kwa miaka mingi nilijigamba kwamba nilimwokoa Watasema kwa kidole changu. Juzi, nikisubiri kung'olewa gego, sikuwa na la kufanya ila kulitazama kovu. Ni nukta mbili tu, hafifu, kama mtu aliyebisha hodi kisha akaghairi. Baba alikuwa amechungulia kinywa kile asubuhi hiyohiyo, na kidole changu alikitazama juani muda mrefu sana kabla ya kumwita mdogo wake.