Karatasi Ngumu ya Babu

Hii ni mara ya tatu nafuata faili la mtaa wetu kwenye chumba hiki cha nyaraka za zamani, na kila nikija naambiwa nirudi kesho. Nimechoka. Kule Temeke kuna mtu anajenga ukuta juu ya makaburi yetu, anasema hapajawahi kuzikwa mtu pale. Leo mhudumu kalifungua faili mbele yangu, na harufu ya karatasi kuukuu ikanirudisha kwenye sanduku la bati la marehemu babu.

Nilikuwa bado mtoto wa shule, na siku hiyo nililia. Mwalimu alikuwa amesema kesho asione daftari lisilojalidiwa, na nyumbani hapakuwa na gazeti hata moja. Bibi akalivuta sanduku kutoka uvunguni, akatoa karatasi ngumu, pana kama kanga, yenye mistari ya njia na visima, na majina ya watu safu kwa safu kwa wino wa bluu.

"Chukua hii ya babu yako. Si alikuwa anataka usome?"

Tukaikata kwa mkasi wa cherehani, tukaibandika kwa uji. Kesho yake mwalimu aliliinua daftari langu darasa zima lilione, nikapigiwa makofi.

Ndani ya faili mna barua moja tu, mwandiko wa babu. "Ramani ya makaburi yetu msihangaike nayo," ameandika. "Ninayo nyumbani, naitunza mwenyewe."

Mhudumu akafurahi. "Basi sista, ishu imeisha. Si ukaichukue tu nyumbani?"