Tanuri Nje ya Geti

Alikuwa muoka mikate, lakini pale kambini hakuna aliyemwita hivyo. Alikuwa "mke wa Sajini", basi. Hata mlinzi wa getini, aliyenunua mkate wake kila asubuhi, alimsalimu kwa cheo cha mumewe.

Tanuri la kwanza alilijenga kwa mikono yake, matofali na udongo, nyuma ya nyumba waliyopewa na jeshi. Mkate ulipoanza kupata jina, mume akahamishwa. La pili nalo akaliacha, udongo bado mbichi. La tatu lilimsumbua sana mpaka akalizoea, akajua kona ipi inaunguza na kuni zipi zinatoa moshi bure. Hilo ndilo lililomletea wateja mpaka kutoka hospitali ya mjini.

Siku moja mke wa mkuu wa kambi alikuja kuchukua mikate yake.

"Tutakukumbuka, mama. Wiki ijayo sijui nitanunua wapi."

"Wiki ijayo kuna nini?"

"Si mnahama?" Akamwona uso unavyobadilika. "Makubwa! Hajakwambia?"

Sajini alikuwa anajua siku nyingi. Mama yake mzazi alijua. Wenzake kazini walijua, na walishamuaga kwa soda na nyama. Mkewe ndiye aliyekuwa wa mwisho, tena mikono imejaa unga.

Jioni alimkuta mumewe mlangoni, hata buti hajavua.

"Ulikuwa unasubiri nini? Lori lipige honi?"

"Sikutaka kukuharibia raha, mama watoto. Amri ni amri. Na tanuri si udongo tu? Utajenga lingine."

Udongo tu! 

"Wewe ukihama unaikuta kazi yako, buti zako, na saluti juu. Mimi nakuta nini? Uwanja mtupu! Aliyekula kiapo ni wewe, baba. Mimi sikuapishwa na mtu."

"Punguza sauti, majirani watasikia."

"Majirani walijua kabla yangu!"

Lori lilipokuja, askari walipakia kitanda, kabati, redio. Walipogusa mapipa ya unga, akasema, "Hayo yaacheni." Wakamtazama Sajini. Sajini akatazama chini. Wakayaacha.

Lori likaondoka na Sajini; mkewe akabaki, akapanga vyumba viwili nje ya geti, akajenga tanuri mahali ambapo hakuna amri ya kumhamisha. Mama mkwe alipiga simu kumpasha. Akamwamkia vizuri, akamsikiliza mpaka mwisho, akakata. Wanawake wa kambini walimsengenya bombani, kisha wakaja kununua mkate.

Likizo ya kwanza Sajini alifika amekonda, shati halijui pasi. Akasimama mlangoni na begi lake kama mgeni.

"Kunanukia vizuri."

"Mikate ya hospitali hiyo. Usiguse."

"Mama watoto, bado una hasira?"

"Tele."

Akamwonyesha chumba kwa kidevu, akaendelea kukanda.

Siku hizi Sajini akipata uhamisho, wa kwanza kupigiwa simu ni mkewe. Naye humtakia safari njema. Haulizi ni wapi.