Siku Mashine Iliponisemea Mbele ya Baba Mkwe

Kuna aibu za kumwambia padri na kuna aibu za kumwambia jirani, lakini hii yangu haikuhitaji kumwambia mtu yeyote kwa sababu Kisesa nzima iliisikia kwa kipaza sauti, na walioikosa walisimuliwa kabla ya jua kuzama. Nimeaibika mara nyingi katika maisha yangu (niliwahi kuanguka na ndoo ya dagaa mlangoni mwa kanisa), lakini siku ile ndiyo mama wa zote.

Nimeikumbuka kwa ajili ya mjukuu wangu Nyanzala. Huyu binti ni fundi, anafunga diski za kutunzia kumbukumbu kwenye kompyuta za maofisi hapa Mwanza, na mimi hilo nalitangaza hata kwa watu ambao hawajaniuliza. Juzi karudi nyumbani uso umevimba, kisa kafuta diski ya mteja, na siyo ile iliyotakiwa kufutwa. Akaniambia, "Bibi, wewe huwezi kuelewa." Mimi? Mimi nisielewe? Nikamwambia kaa hapo mama, kabla baba yako hajazaliwa mimi nilishafuta kitu kisichotakiwa kufutwa nikakiacha kilichotakiwa, tena siku za Uhuru, tena mbele ya baba mkwe.

Sasa sikilizeni. Niliolewa na Masanja, Mungu amrehemu, kijana mrefu mwenye vidole kama ndizi za kuchoma. Tulipanga chumba Kirumba karibu na ziwa, na yeye alikuwa ameajiriwa na chama kimoja cha wakulima wa pamba, kazi yake kuzunguka minadani na mashine ya kunasa sauti. Ilikuwa sanduku zito lenye magurudumu mawili juu, na utepe wa kahawia mwembamba kama ukindu uliotoka gurudumu la kushoto, ukapita mbele ya kitu kidogo walichokiita kichwa, ukaenda kujikunja gurudumu la kulia. Ukinena, utepe unashika. Ukiurudisha, unasema ulichosema. Watu wa mnadani walikuwa wanazunguka nyuma ya sanduku kumtafuta aliyejificha.

Masanja alifundishwa kuitunza, lakini kwa vidole vile kila akivalisha utepe unajikunja, unakatika, anatukana. Mwisho kazi ikawa yangu. Mimi mwenye darasa la pili nikawa navalisha utepe, nakisugua kichwa kwa pamba na spiriti, nafunika sanduku kwa kanga vumbi lisiingie, na nawapiga vita wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopanda angani kama moshi wa nyumba inayoungua, maana wakiingia humo wanasagwa na sauti inatoka kama mtu mwenye mafua. Nilijivuna sana, sitaki uongo. Jirani yangu Mama Rehema, aliyekuwa anapika vitumbua mlango wa pili, alikuwa ananiita Daktari wa Sanduku, na mimi naitika.

Lakini kabla ya yote lazima mjue habari ya mtamba.

Kwa mila ya nyumba ile niliyoolewa, mke mpya hafungui kinywa mbele ya baba mkwe mpaka baba mkwe amfungue kwa ng'ombe. Hata shikamoo hakuna. Unapiga magoti, unapiga makofi taratibu, basi. Akikupa ng'ombe, ndiyo unasema, na ng'ombe huyo ni wako wewe, siyo wa mumeo. Ukisema kabla hajakupa, umejifungua mwenyewe, na ng'ombe anabaki zizini. Na mimi baba mkwe wangu, Mzee Nkwabi, alinionyesha wangu tangu siku ya kwanza, mtamba mwekundu mwenye doa jeupe kwenye paji, akasema, "Huyu hapa anamsubiri mkamwana." Mama yangu hakuwahi kumiliki hata mbuzi. Nilimtazama yule mtamba nikaona maziwa, nikaona ndama, nikaona mimi nakaa kwenye kiti changu mwenyewe.

Sasa mzee alikuwa bahili. Badala ya kunipa, akawa ananiwinda. Kila tukienda kwao kule njia ya Bujora ananijia kimya kimya nikiwa jikoni, halafu, "Nyoka! Mkamwana, nyoka mguuni!" Mimi naruka mpaka juu ya kinu, mdomo nimeuuma. Au anapita anasema, "Marahaba, marahaba," kana kwamba nimemwamkia, anatega sikio. Anacheka, anaondoka. Mwaka mzima ukapita nafanya ububu mbele yake kama sanamu, na nikirudi Kirumba namwaga yote kwa Mama Rehema mpaka vitumbua vinaungua.

Siku za Uhuru zikakaribia. Chama kikaamua wazee wenye majina wanaswe salamu zao, zipigwe kwenye sherehe. Mzee Nkwabi alikuwa kiongozi wa ngoma, mtu wa majigambo, basi Masanja akaenda akamnasa: ukoo wake, ngoma zake, salamu kwa taifa jipya, na wimbo juu. Mzee akatangaza mpaka Magu kwamba siku hiyo atakaa kwenye kiti na sauti yake itatembea peke yake.

Kesho yake wadudu wa ziwani wakapanda. Nikafungua sanduku, nikakuta wamejaa humo kama ulezi. Nikasafisha, nikasugua kichwa, nikarudisha kila kitu. Fundi akimaliza kazi lazima ajaribu, sivyo? Kulikuwa na gurudumu tupu la kujaribia, lakini lilikuwa chini ya kitanda, nyuma ya gunia la mhogo, na mimi mgongo ulikuwa unauma. Nikajisemea, utepe huu wa mzee una njia mbili, kama barabara ya kwenda na kurudi. Salamu ziko njia ya kwenda. Ya kurudi ni tupu. Nigeuze gurudumu, nijaribie huko kidogo, nifute, nani atajua?

Hapo ndipo nilipojiloga. Uvivu wa kuinama tu.

Mama Rehema kaja na kitumbua mkononi. "Haya Daktari, sema, tusikie kama mgonjwa kapona."

Nikashika kipaza sauti. Na mtu aliyefungwa mdomo mwaka mzima mkimpa kipaza sauti, mnategemea nini?

"Haloo! Mzee Nkwabi, unanisikia? Ni mimi mkamwana wako. Mtamba wangu yuko wapi? Mtu mzima unajificha nyuma ya mkia wa ng'ombe! Wewe mzee nzi akitua kwenye maziwa yako unamkamua kwanza ndiyo unamwachia!"

"Mwambie na habari ya koti!" Mama Rehema kapiga kelele.

"Na hilo koti lako, mzee, livue lifuliwe, maana harufu yake inatangulia mnadani, wewe unafuata!"

Tukacheka mpaka tukakaa chini. Tulicheka sana hata tukausahau utepe, wenyewe unazunguka tu, ukaisha wote ukaenda kulia. Nikashtuka, nikasema haya, tufute kabla Masanja hajarudi. Kufuta ilikuwa ni kunasa ukimya juu ya maneno, basi. Nikachukua lile gurudumu lililojaa kulia, nikalivalisha kushoto kama nilivyozoea, nikabonyeza, tukakaa kimya. Mama Rehema hata kitumbua aliacha kutafuna. Tulikaa tumeinamisha vichwa kama tuko msibani, na kweli tulikuwa msibani, kwa sababu ukilitoa gurudumu kulia ukalivalisha kushoto linakuwa limegeuka, limeingia ile njia nyingine. Maneno yangu yako salama kabisa kule yaliko. Tuliyekuwa tunamzika kwa ukimya ni Mzee Nkwabi, na ukoo wake, na ngoma zake, na taifa jipya.

Na mimi nililijua hilo jambo! Ndilo la kwanza Masanja alilonifundisha. Lakini kicheko kinaondoa akili.

Siku ikafika. Uwanja wa Kisesa, ghala la pamba limefungwa bendera, kipaza sauti kikubwa kama tarumbeta kimening'inizwa juu ya lori, ngoma zinalia, ng'ombe wamechinjwa. Mzee Nkwabi amekaa kiti cha mbele, kavaa lile koti, kofia mpya, fimbo katikati ya magoti. Mimi niko na wanawake pembeni, nimekaa karibu na shangazi yangu Holo, natafuna karanga, sina habari.

Mwenyekiti akasema, "Sasa tutamsikia mzee wetu Nkwabi, na yeye mwenyewe mtamwona amefunga mdomo." Watu wakashangilia. Mzee akaufunga mdomo kwa nguvu ili kila mtu aone.

Masanja akabonyeza. Kimya. Ssss, kama mvua ya mbali. Watu wanasubiri. Mzee bado kafunga mdomo, mashavu yamejaa. Ssss. Mtoto mmoja akauliza, "Mbona mzee anasema kama nyoka?" Watu wakaanza kucheka. Na ndani ya ile ssss, ukisikiliza sana, unamsikia Mama Rehema anameza mate.

Karanga zikanisimama kooni. Nikaelewa yote kwa mkupuo. Nikamtazama Masanja nikatikisa kichwa, nikapunga mikono, usigeuze, usigeuze! Yeye maskini akadhani namwambia, "Umekosea upande, geuza." Akageuza.

"HALOO! MZEE NKWABI, UNANISIKIA?"

Alisikia. Na Kisesa ilisikia. Mtamba alipita, mkia wa ng'ombe ukapita, nzi akakamuliwa mbele ya mwenyekiti na wageni, na lilipofika koti, watu waliokaa karibu na mzee wakasogea kidogo. Masanja alikuwa anabonyeza kila kinachobonyezeka kwa vile vidole vyake, akaongeza sauti.

Mpaka anazima, uwanja umelala kwa kicheko. Nikangoja mzee apandishe hasira. Wapi! Aliinuka taratibu, ametabasamu mpaka gego la mwisho.

"Mmesikia wote? Mkamwana kafungua kinywa! Mwenyewe! Mimi sijampa kitu. Mtamba anabaki zizini!"

Akaanza kucheza palepale bila ngoma. Matusi hayakumuuma hata chembe, mradi ng'ombe amepona.

Shangazi Holo akasimama. Alikuwa mfupi, lakini akisimama mnahisi kaongezeka. "Mkwe, acha kucheza, utaanguka. Nani kafungua kinywa? Mtoto huyu hapa, kinywa kimejaa karanga. Kabula, waonyeshe!" Nikawaonyesha karanga. "Kilichosema ni sanduku. Ukipita nje ukasikia mke wa mwanao anaimba ndani, utasema amekuamkia?"

"Lakini kanitaja jina!" mzee akasema.

"Alikuwa Kirumba, wewe ulikuwa kwako. Mila inasema mbele yako. Ulikuwepo?"

"Sauti imefika mbele yangu."

"Basi kampe sauti ndama, na mtoto mpe mtamba!"

Wanawake wakapiga vigelegele. Wazee wakainamiana, wakanong'ona, na mkubwa wao akasema hawajaona kinywa, wamesikia sanduku, na sanduku halijaolewa. Mzee Nkwabi atoe ng'ombe, tena leo, na mkamwana akishafunguliwa aombe radhi kwa mdomo wake. Jamani! Nilimwona yule mtamba anakuja. Nilishampa na jina.

Mzee akainamisha kichwa. Akavuta pumzi kama aliyeshindwa. "Sawa," akasema, sauti ya upole kabisa, anamtazama Masanja, mimi hanitazami. "Nitatoa. Ila mwanangu, hiyo mashine ya watu uitafutie mtu anayejua. Salamu zangu zimepotea. Umempa mke asiyejua hata kuvalisha utepe, anasugua kichwa cha mashine kama anasugua sufuria."

Sufuria! Mimi! Daktari wa Sanduku!

"Nani hajui?" Nilikuwa nimeshasimama, karanga zinaruka. "Kavalishe wewe tuone! Kichwa kile nakisugua kwa pamba laini na spiriti, kinang'aa kuliko upara wako! Utepe niliuvalisha sawasawa, nilikosea upande tu!"

Kimya. Kimya kuliko kile nilichokinasa.

Shangazi Holo akakaa chini, akajifunika uso kwa kanga. Masanja akazima mashine ingawa ilishazimwa.

Na mzee? Alinigeukia, kwa mara ya kwanza akanitazama machoni, akasema kwa raha zote, "Marahaba, mwanangu."

Mtamba alibaki zizini. Akakua, akazaa, na kila tulipokwenda kwao aliyekuwa anamkamua alfajiri ni mimi, na mzee amekaa kwenye gogo pembeni anapiga soga na mimi, kwa kuwa sasa hakukuwa na cha kufunga mdomo tena. Salamu zake alizirudia, nikazinasa mimi mwenyewe, na kila aliponiona nageuza gurudumu alikuwa anauliza, "Upande gani huo, Kabula?" Tulipendana sana na yule mzee, lakini maziwa yalikuwa yake.

Kwa hiyo Nyanzala, na ninyi wengine wote mnaofunga na kufungua vitu vinavyokumbuka: tangu siku ile, nikipewa kujaribu chombo chochote chenye masikio, iwe simu iwe nini, nahesabu moja, mbili, tatu, nakirudisha kwa mwenyewe. Nne sifiki. Nikifika nne najijua, naanza kutaja majina ya watu.